Chuma ulete au hesabu? Kutangaza biashara ndogo na kuishi na wakatisha tamaa

Msikilizaji wetu, tulipozungumza hewani kuhusu biashara ndogo, simu zilikuwa nyingi kuliko muda wa kipindi. Wengi mliuliza mambo mawili: nitapataje wateja bila pesa ya matangazo, na nifanye nini na mtu anayenivunja moyo palepale ninapofanyia kazi. Niliahidi kuandika kwa kirefu ili hata wewe uliye Mkuranga, Kibiti au Rufiji, ambaye ulikuwa shambani wakati kipindi kinaruka, usome kwenye simu yako kwa nafasi yako.

Nitaanza na mama mmoja wa hapa Chamazi. Jina lake nalihifadhi kwa sababu alinipa habari za kopo lake la pesa, na hizo si habari za kutangaza na jina la mtu. Anauza mihogo ya kukaanga jioni, kando ya barabara ya kwenda Mbande. Alinipigia baada ya kipindi, akasubiri nimalize salamu, halafu akasema:

"Kaka mtangazaji, mimi sina shida na wateja. Wateja ninao. Ila kuna mtu ananichuma."

Nikamuuliza anachumwaje. Akasema anauza kila siku mpaka mihogo inaisha, lakini akirudi nyumbani pesa hazipo. Jirani yake wa meza ya pili, mama mtu mzima anayeuza uji na juisi ya ukwaju, huja kuomba chenji kila siku karibu na magharibi. Akishaondoka na chenji, mauzo yote yanayeyuka. Alikwishaambiwa na watu wawili kwamba hiyo ni chuma ulete. Mmoja wa hao watu alikuwa anajua mtaalamu wa kuizuia, kwa laki moja na nusu.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hili: chuma ulete ni imani kwamba mtu anaweza kutumia dawa ili pesa za biashara ya mwenzake zihame zenyewe, mara nyingi kupitia noti au sarafu aliyoigusa. Dar es Salaam imani hii ipo madukani, sokoni, hata kwenye daladala. Sitabishana hapa na imani ya mtu. Nilimwomba tu yule mama jambo moja: kabla hajatoa laki moja na nusu, anipe siku 14 na daftari la shilingi mia tano.

Nilikwenda mara tano kukaa pale kwenye benchi. Siku nyingine alikuwa ananitumia picha ya ukurasa wa daftari kwa WhatsApp. Hivi ndivyo hesabu zilivyotoka, kwa wastani wa siku moja.

Mihogo iliyouzwa ilikuwa na thamani ya shilingi 48,000. Yeye kichwani mwake alikuwa anahesabu mtaji kuwa ni mihogo 15,000 na mafuta 9,000, jumla 24,000. Kwa hiyo kila siku aliamini anapaswa kubaki na 24,000 mkononi. Lakini kulikuwa na mkaa 3,500. Kulikuwa na nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu na chumvi, 2,500. Karatasi za kufungia 1,000. Na posho ya wifi yake anayemsaidia kumenya na kukaanga, 6,000. Gharama halisi ya siku ilikuwa 37,000, na faida 11,000. Hapo tu, shilingi 13,000 za kila siku "alizochumwa" hazijawahi kuwepo.

Katika zile 11,000, alikuwa anachomoa kwenye kopo hilohilo 4,000 ya mboga, 1,500 ya nauli ya mtoto na kalamu, na 1,000 ya vocha. Jumla 6,500. Hakuna ubaya, ni pesa yake. Ubaya ni kwamba ilikuwa haiandikwi popote, kwa hiyo ikifika saa 3 usiku anaikumbuka kama pesa iliyopotea.

Kwa siku 14 faida yote ilikuwa 154,000. Matumizi ya nyumbani yalikula 91,000. Zikabaki 63,000. Madeni ya vijana wa bodaboda na mafundi ambayo hayakulipwa ni 25,000. Kwenye kopo zilipaswa kuwemo 38,000. Tulipolimwaga kopo juu ya mkeka tukakuta 35,500.

Pungufu 2,500 kwa wiki mbili. Hiyo ni makosa ya chenji, na mimi mwenyewe ningekosea zaidi kwa jinsi watu wanavyojazana pale magharibi.

Yeye alikuwa anatarajia kukuta 336,000. Mnaelewa sasa kwa nini alikuwa halali usiku? Mtu anayeamini kwamba zaidi ya laki tatu zake zimechukuliwa kwa wiki mbili, na anamwona anayezichukua kila jioni akija na kikombe cha ukwaju mkononi, anaweza kufanya jambo baya. Nchi yetu ina historia nzito ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza. Maneno ya namna hii hayaanzi na panga. Huanza na "mbona pesa zangu hazikai."

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, kabla ya kutangaza biashara yako, ijue. Ukiita wateja wengi kwenye biashara usiyojua faida yake, unaweza kuwa unajiongezea kazi na hasara. Daftari lenye safu nne linatosha: nilichonunua, nilichouza, nilichokopesha, nilichotoa kwa ajili ya nyumbani. Asiyejua kuandika vizuri anaweza kumpa kazi hiyo mtoto wa darasa la nne au la tano. Huyu mama ndivyo anavyofanya, na mtoto ameanza kumdai mama yake maelezo ya shilingi mia mbili mia mbili.

Matangazo ambayo hayauzwi redioni

Nafanya kazi redioni na tangazo ndilo linalonilipa mshahara, lakini nitasema ukweli: mtu wa mihogo, vitumbua au mkaa wa kupima hahitaji kuanzia kwetu. Anahitaji kuonekana na watu mia mbili wanaopita mbele yake kila siku.

Sisi wa Chamazi tuna somo la bure karibu na nyumbani. Uwanja wa Azam Complex uko hapahapa. Kila mechi ikitangazwa, jina la bidhaa linatajwa hata na mtu ambaye hakukusudia kuitangaza. Azam FC ilipochukua ubingwa wake wa kwanza wa Ligi Kuu, msimu wa 2013/2014, bila kupoteza mchezo hata mmoja, jina hilohilo lilikuwa kwenye unga, kwenye juisi na kwenye aisikrimu. Nyuma ya jina yuko Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliyeanza na mgahawa Dar es Salaam miaka ya 1970 kabla ya kuingia kwenye usagaji wa nafaka. Sikuambii ujenge uwanja. Angalia yule kijana wa aisikrimu mwenye baiskeli. Hakusubiri mtoto aende dukani. Alipita mtaani saa ambayo watoto wametoka shule, na muziki wake ukawa tangazo. Watoto wanaujua kabla hajakata kona, na wanakuwa wameshaanza kulia kwa mama zao.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko redio zetu. Kanga zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" zilitokana na biashara ya familia ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887. Mama zetu waliuliza kanga kwa jina la Abdulla. Jina fupi linalotamkika ni mtaji.

Yule mama wa mihogo hakuwa na jina. Watu walisema "pale kwenye mihogo karibu na nguzo." Sasa shida ni kwamba karibu na nguzo ya pili kuna mwingine wa mihogo. Tulitumia ubao mweusi wa chaki, wa kawaida tu. Juu liliandikwa jina ambalo watoto wa mtaani walikuwa wanamwita tayari, la mtoto wake wa kwanza, chini yake bei: vipande vitano 500, sahani na kachumbari 1,000. Kabla ya hapo bei ilikuwa ni ya kuuliza. Mtu mwenye mia tano tu mfukoni huona aibu kuuliza, anapita. Wiki ya kwanza ya ubao, wanafunzi waliongezeka kuliko wote.

Ukitaka bango kubwa la kusimika kando ya barabara, pita kwanza ofisi ya mtaa au ya kata. Mabango yana utaratibu wake na ada zake, na la kwako linaweza kung'olewa kabla hujapata mteja wa kumi.

Jambo la pili lilikuwa saa. Alikuwa anafungua saa 10 jioni siku moja, saa 12 siku nyingine, kutegemea mihogo imefika saa ngapi. Mteja akija mara mbili asikukute, mara ya tatu haji. Tukakubaliana saa 10 na nusu, mvua isiponyesha.

Simu yako, najua wengi mnasubiri hapa. WhatsApp ya biashara ilitoka mwaka 2018, ni bure, na inakuwezesha kuweka picha za bidhaa, bei, saa za kufungua na majibu ya kujituma yenyewe ukiwa kazini. Lakini hata WhatsApp ya kawaida inatosha ukiitumia kwa adabu. Huyu mama anapiga picha moja ya karai la kwanza likitoka motoni, anaweka kwenye status, basi. Hatumi kwenye kundi la wazazi wa shule wala la msiba. Narudia: la msiba. Kuna mtu, simtaji, aliyetangaza sufuria kwenye kundi la rambirambi, na mpaka leo anajulikana kwa hilo tu.

Kupokea pesa kwa simu nako ni tangazo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na leo mteja wa bodaboda anaweza kuwa hana hata shilingi mfukoni ila ana 3,000 kwenye simu. Lipa Namba, iwe ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, iandike kwenye ubao kwa tarakimu kubwa, na jina litakalotokea uliandike pia ili mteja ahakikishe. Faida nyingine ni kwamba muamala unaacha kumbukumbu, na kelele za chenji zinapungua. Wewe ulioko kijijini ambako mtandao unakatika, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe wako mwenyewe au uangalie salio.

Na kalenda. Siku ya mechi pale Azam Complex, hasa zile nyakati ambapo Simba au Yanga zimechezea Chamazi, barabara nzima inanunua. Ratiba ya ligi hutolewa mapema, kwa hiyo mihogo ya siku hiyo inaagizwa mapema pia. Mwezi wa Ramadhani ni kinyume: karai la jioni linapungua lakini watu wanataka mihogo ya nazi kwa futari, na wengi wanataka iliyokwisha kumenywa. Anayeng'ang'ania kukaanga tu mwezi huo atasema biashara imerogwa. Kwako wewe wa Rufiji siku yako ya mechi ni mnada, gulio, au siku ya malipo ya korosho. Iweke kwenye daftari.

Mtu mbaya aliyekuwa anasema kweli

Sasa tuje kwenye wakatisha tamaa, na hapa niwaombe mnivumilie kwa sababu nilikosea mwenyewe.

Yule wifi. Siku ya kwanza nilipokaa pale nilimwona ndiye tatizo. Anakaanga amekunja uso. Mteja akiuliza "leo mihogo laini?" yeye anajibu, "Kwani mimi niliilima?" Akiona watu wachache anasema kwa sauti, "Mimi nilishasema hii biashara itakufa." Nilimwambia mama tukiwa pembeni: huyu mtafutie kazi nyingine. Mama akasema ni dada wa mume wangu, nitamtoaje?

Ilikuwa siku yangu ya tatu nilipomuuliza wifi mwenyewe, nikiwa namsaidia kumenya. Nilimwita "dada," nikamuuliza angekuwa yeye ndiye mwenye meza angebadilisha nini. Hakusita. "Mihogo ya kulala," akasema. "Nimesema tangu mwezi wa pili. Ananunua kiroba kikubwa kwa sababu ni bei nafuu, siku ya tatu mihogo ina mistari myeusi, inakuwa migumu, tunatupa robo. Mimi ndiye natukanwa na wateja, siyo yeye. Yeye yuko kwenye pesa."

Na alikuwa sahihi kabisa. Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Ndani ya siku mbili au tatu, mara nyingine hata siku moja ikiwa umejeruhiwa, unaanza kuingia mistari ya bluu na nyeusi ndani na kupoteza ladha. Walimu wa kilimo hutushauri uuzwe haraka, uachiwe kipande cha shina, usichubuliwe, na ukihifadhiwa uwe kwenye unyevu. Mama alikuwa anaokoa labda elfu mbili kwenye bei ya kiroba na kupoteza robo ya kiroba. Sasa ananunua kidogo kila siku asubuhi kutoka gari linalotoka Mkuranga.

Hapa ndipo kipimo changu kilipotoka, na ndicho ninachokitumia sasa. Mtu anaposema jambo la kuvunja moyo, nayatenga maneno yake na sauti yake. Sauti inaweza kuwa mbaya na habari ikawa nzuri. Uliza: anataja kitu ninachoweza kukikagua? "Mihogo migumu" kinakaguliwa. "Hutafika mbali" hakikaguliwi. Cha kwanza kiandike hata kama aliyekisema amekununia. Cha pili kiache kipite.

Sauti nayo ilihitaji kushughulikiwa, maana wateja walikuwa wanaondoka kwa ajili yake. Mama alizungumza na wifi yake asubuhi, nyumbani, kabla ya moto kuwashwa, bila mume kuwepo. Akaanza kwa kukubali kosa la mihogo. Kisha akasema mambo mawili tu: mbele ya mteja hatusemi biashara itakufa, na swali la mteja linajibiwa. Wifi akaomba naye jambo: alipwe kila siku kabla kopo halijachomolewa la mboga, siyo "kesho, kesho." Wakakubaliana. Uso bado anakunja, lakini anajibu.

Kumsema msaidizi mbele ya wateja kunamwaibisha yeye na kunakupunguzia wewe. Mteja anayekula mihogo hataki kuwa shahidi wa kesi.

Kama msaidizi wako si ndugu bali ni mwajiriwa, kumbuka kuna sheria hata kama kibanda chako ni cha mabati manne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi aliyefikisha miezi sita kwako. Anayelipwa kwa mwezi, mwezi wa kwanza ukishapita, hupewa taarifa ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Mfanyakazi anayeona ameonewa katika kuachishwa ana siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kwa hiyo "kuanzia kesho usije" iliyotamkwa kwa hasira inaweza kukugharimu kuliko huo uso uliokunjwa. Muonye, andika tarehe, mpe nafasi ya kujieleza.

Kuna wa aina nyingine. Pale kwenye benchi alikuwa anakaa mzee mmoja kila jioni, hanunui, anatania wanawake wanaokuja na kuwaambia wanafunzi wa kike maneno yasiyofaa. Huyu hana habari yoyote ya kukupa, anakufukuzia wateja tu. Mama aliogopa kumwambia kwa sababu ni mtu mzima na anajuana na kila mtu. Kilichofanyika ni kidogo sana: benchi lilihamishwa nyuma ya meza, karibu na moshi. Siku nne mzee akahama mwenyewe. Ingeshindikana, hatua ya pili ilikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana maneno kwa wanafunzi si utani.

Wadaiwa wale wa 25,000 walikuwa mtihani. Kijana wa mtaani alimshauri mama aweke picha zao kwenye status na maneno "wezi wa mihogo." Nilimzuia kwa nguvu zote. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu anayekudai haki yako anaweza kujikuta ndiye mshitakiwa kwa picha ya sahani ya buku. Badala yake alimfuata kila mmoja peke yake, mchana, akiwa hana abiria, akamwonyesha daftari. Karibu nusu ya deni lililipwa wiki hiyo. Wawili wamehamia meza ya nguzo ya pili, na mama anasema heri.

Na wale wa mbali kidogo, mashoga wa kikoba na ndugu wanaosema "wewe na mihogo yako, mwenzio fulani ana duka." Nilipoanza utangazaji, kwenye kituo nilichofanyia mazoezi baada ya cheti, mwenzangu mmoja wa zamu aliniambia sauti yangu inafaa kutangaza matanga tu. Nilikaa na hilo neno miezi. Baadaye mhandisi wa sauti aliniambia nasogelea maikrofoni kupita kiasi, nirudi nyuma kidogo. Wote wawili walikuwa wanasikia kasoro ileile. Mmoja alinipa kidonda, mwingine akanipa sentimita kumi.

Kwa ndugu wa maneno, mama alijitungia jibu moja analolirudia: "Ndiyo, ni mihogo. Nikufungie ya ngapi?" Amenunuliwa mara nyingi kwa jibu hilo.

Meza ya pili

Sijamaliza habari ya mama wa ukwaju.

Baada ya hesabu kutoka, yule mama wa mihogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema ameshawaambia watu wangapi kwamba jirani yake ni mchawi wa pesa. Alihesabu kwa vidole, akafika saba, akaacha. Maneno yalikuwa yamekwisha mfikia mwenyewe. Kumbe ndiyo maana kwa mwezi mzima alikuwa anavaa kanga yenye fumbo, ileile, kila Ijumaa, anaigeuza maandishi yatazame upande wa mihogo.

Na ile chenji? Ukwaju ni shilingi mia tatu kikombe, wateja wanatoa noti za elfu mbili na elfu tano. Alikuwa anaomba chenji kwa sababu alihitaji chenji.

Mama aliuliza aende kwake peke yake au na mtu. Nilimwambia sijui mila za kwao wawili, yeye anazijua. Alimchukua mama mmoja mtu mzima wa jirani wanayemheshimu wote, wakaenda asubuhi na sukari kilo mbili. Aliomba radhi. Mama wa ukwaju aliipokea sukari, akasema amesikia, na kwamba Mungu ndiye ajuaye. Halafu wale saba nao wakafuatwa mmoja mmoja. Wanne walisikiliza. Watatu walisema, "Ameshakuzuga na wewe."

Nilipita juzi jioni nikitoka kazini. Ubao wa chaki upo, karai la kwanza lilikuwa limeisha saa 12 kasoro, wifi alikuwa amekunja uso na anahesabu vipande. Meza ya ukwaju imehamia upande wa pili wa barabara, chini ya mwembe, na ina wateja wake. Mama wa mihogo anaweka sarafu za mia mia kwenye kopo dogo la pembeni kila siku, ya chenji. Mtoto ndiye anayevuka barabara kupeleka. Mama wa ukwaju anazihesabu, anampa noti, na anamrudisha mtoto na kikombe. Wao wawili bado hawajasalimiana.